Mzee aliyeniomba maji kwa Kiplatt

Saa tisa usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Kassel, Ujerumani, ninakojifunza uuguzi, kengele ya chumba cha mwisho ililia. Nilimkuta Mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, homa imempanda, nywele zimemsimama upande mmoja, anaukodolea macho ukuta kana kwamba kuna mtu pale. "Giff mi Water," akasema.

Cheti changu cha Kijerumani, kiwango cha B2, nilikisotea Dar es Salaam karibu mwaka mzima, na sentensi ile haikuwemo katika somo hata moja. Kijerumani cha darasani kinataka useme "Geben Sie mir Wasser". Lakini nilimwelewa kabla hata sijafikiri, kwa sababu Kiingereza cha sekondari kilinijibia: "give me water". Nikammiminia kwenye kile kikombe chenye mdomo kama cha mtoto, nikamshikia. Alipomaliza akaonyesha kwa kidole upande wa bustani: "Maak dat Finster apen." Hiyo "apen" nayo niliidaka. Nikafungua dirisha, baridi ya Januari ikaingia, Mzee akalala.

Asubuhi mwenzangu wa zamu, Mjerumani wa hapo hapo Kassel, akaniuliza usiku ulikuwaje. Nikamweleza. Akatikisa kichwa: "Akianza zile zake huwa naambulia nusu tu." Nilijisikia vizuri siku nzima. Mtu wa Bukoba, mwaka wa kwanza wa mafunzo ya uuguzi, nimemwelewa mzee wa Kijerumani kuliko Mjerumani!

Zile zake zilikuwa Kiplatt, Kijerumani cha nyanda za chini za kaskazini. Mzee alizaliwa karibu na Bahari ya Kaskazini, akalelewa kwa Kiplatt, kisha akafundisha Kilatini sekondari hadi alipostaafu. Mchana aliongea Kijerumani sanifu na kuwasahihisha wauguzi sarufi. Homa ikimpanda usiku, alirudi kwa mama yake. Kazini tulikatazwa kuwaita wazee "Opa", yaani babu. Ni "Herr" na jina la ukoo, basi. Mimi nilimwita hivyo mdomoni, lakini moyoni alikuwa Mzee, na hapa namwacha hivyo.

Urafiki wetu ulianza mwezi mmoja kabla ya usiku ule, na ulianza kwa aibu. Desemba familia huanza kuleta vifurushi vya Krismasi. Cha Mzee kilikuja kwa posta, nikaingia nacho chumbani huku nimeipanga sentensi yangu tangu koridoni: "Ich habe ein Gift für Sie." Nilishazoea kwamba nikikwama nachota neno la Kiingereza, nalipinda kidogo, mara nyingi linapita. Mzee akaniangalia, akakiangalia kifurushi, akainua mikono miwili juu kama mtu aliyejibiwa sala. "Na endlich!" Hatimaye!

"Gift" kwa Kijerumani ni sumu.

Alicheka mpaka nikalazimika kumwinua akohoe vizuri. Kisha akaniambia nikae, nami nikakaa ingawa nilikuwa na vyumba sita vinavyonisubiri. Akanieleza kwamba sikukosea sana, nilichelewa tu miaka mia kadhaa. Neno ni lile lile moja, limezaliwa na "geben", kutoa, kama "gift" ya Kiingereza ilivyo jirani wa "give". Kijerumani cha kale kilikuwa na "gift" yenye maana ya kitu kilichotolewa. Waganga walilitumia kwa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa, wakifuata Kigiriki, ambako "dosis" nayo ni utoaji. Dawa na sumu hutenganishwa na kijiko, na taratibu ubaya ukalimeza neno lote. Maana ya zamani imejibanza mahali pamoja tu: "Mitgift", mali ambayo wazazi humpa binti yao anapoolewa. Akauliza kwetu ikoje. Nikamwambia kwetu Uhayani mahari inatoka kwa waoaji kwenda kwa wazazi wa binti. Akavuta daftari lake, akaandika.

Baada ya usiku wa "Giff mi Water" ndipo akaniingiza darasani hasa. Nilimwambia nilivyomwelewa kwa kupitia Kiingereza. Macho yakamng'aa. Akageuza karatasi ya menyu ya wiki, akachora safu tatu kwa penseli: Kiingereza, Kiplatt, Kijerumani sanifu. Water, Water, Wasser. Ten, teihn, zehn. Make, maken, machen. Pepper, Peper, Pfeffer. Open, apen, offen. Akanirudishia penseli bila neno, kama mwalimu anayejua kazi yake, nami nikaziangalia safu zile mpaka zikanijia zenyewe. Kiingereza na Kiplatt vimeshikilia t, p na k. Kijerumani sanifu kimezilainisha zikawa ss au z, pf au ff, na ch. Tena si neno moja moja kwa bahati. Ni mstari mzima umehama kwa pamoja, kama nyumbu.

Uhamaji huo, akasema, ulianzia kusini, upande wa milima ya Alpi, takriban karne ya 6 hadi ya 8, ukapanda kuelekea kaskazini ukaishiwa nguvu njiani. Kijijini kwao haukufika. Ndiyo sababu yeye na Waingereza wanakunywa "water" wakati Kassel yote inakunywa "Wasser".

Akaniongeza moja ambalo nililibeba hadi jikoni. "Pfeffer", pilipili manga, si neno la Wajerumani tangu asili. Ni la Kilatini "piper", lililochukuliwa kutoka Kigiriki, na Kigiriki nacho kililipokea kutoka India, pamoja na biashara yenyewe. Neno letu "pilipili" lilitoka India hiyo hiyo, likapita kwa Waajemi na Waarabu mpaka pwani yetu. Kwa hiyo, kwa majina yao, kikopo cha "Pfeffer" na pilipili kichaa anayolalamikia kila mtu nikipika ni binamu waliopanda vyombo tofauti. Lakini Mzee alichotaka nikione ni zile "pf" na "ff". Ukiziona, ujue neno liliingia kabla mstari haujahama, likahama na wenyeji. "Papier", karatasi, nalo ni la kigeni lenye p, ila p yake iko vile vile, kwa kuwa lilifika watu wameshahama. Unaweza kujua umri wa mgeni kwa kutazama kama ana vumbi la safari ile. Hilo lilinifurahisha kuliko chochote nilichofundishwa chuoni mwaka ule, na chuoni tulifundishwa moyo unavyofanya kazi.

Siku ya mapumziko nilikwenda kwenye jumba la makumbusho la ndugu Grimm. Kwetu tunawajua kwa hadithi za watoto. Kumbe Jacob Grimm, akiwa bado mkutubi hapa Kassel, alichapisha mwaka 1822 maelezo ya uhamaji mwingine, mkongwe kuliko huu. Ule wa zamani zaidi ndio uliozitenga lugha zote za Kijerumani, Kiingereza kikiwemo, na Kilatini na wenzake. "Piscis" ya Kilatini, samaki, ni "Fisch". "Pater", baba, ni "Vater", na hiyo V husomwa f. "Cornu", pembe, ni "Horn", na hiyo C ya Kilatini husomwa k. "Centum", mia, ni "hundert". P ikawa f, k ikawa h. Mdenmarki Rasmus Rask alikuwa ameuona mpangilio huo mwaka 1818, na ni haki kumtaja maana sifa zote huenda kwa Grimm. Baadaye ndugu hao wawili walianza kamusi ya kila neno la Kijerumani na asili yake. Wilhelm aliimaliza herufi D akafariki 1859. Jacob alifariki 1863 akiwa kwenye neno "Frucht", tunda. Walioichukua baada yao waliifikisha mwisho zaidi ya miaka 120 tangu kazi ilipoanza, majuzuu 32. Nilisimama mbele ya majuzuu yale nikawaza kuhusu tunda tu.

Nilirudi kwa Mzee kichwa kimejaa, nami nikaanza kugundua vyangu. Hapa ndipo nilipojifunza kwa kupigwa.

La kwanza lilikuwa "shule". Nikamwambia kwa fahari kwamba Kiswahili nacho kina "Schule". Akacheka kwa wema: hilo halikuzaliwa kwenu, lilishuka melini. Kweli, lilikuja na utawala wa Kijerumani, na Wajerumani wenyewe walilitoa kwa Warumi, Warumi kwa Wagiriki, ambao kwao "skhole" ilikuwa muda wa kupumzika. (Ningependa mwalimu wangu wa hesabu wa kidato cha pili aisome hiyo.) Hela nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1904 serikali ya koloni iligawa rupia katika heller 100, na heller imeitwa kwa jina la mji wa Hall huko Ujerumani, ilikokuwa ikifuliwa tangu enzi za kati. Mzee hakujua kabisa kwamba neno hilo bado tunalitumia kila siku. Kwao limebaki kwenye msemo, mtu asiye na kitu hana hata heller nyekundu. Nikamfundisha "sina hela". Nikamwambia pia heller zilivyofika: pamoja na kodi, na mwaka mmoja tu baada ya 1904 watu wa kusini mwa nchi walikuwa vitani. Akanyamaza kidogo, akaniuliza mwaka, akaandika.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Mzee alikuwa na nakala ya Sala ya Bwana kwa Kigothi, lugha ya Kijerumani yenye maandishi marefu ya zamani kuliko zote. Biblia yake ilitafsiriwa na askofu Wulfila katika karne ya 4, na nakala maarufu iliyobaki, iliyoandikwa kwa wino wa fedha kwenye ngozi ya zambarau, iko Uppsala, Uswidi. Akaanza kusoma polepole: "Atta unsar..." Nikaruka. Atta ni baba? Mimi baba yangu namwita Tata! Kihaya na Kigothi! Nilijiona nimeshakaa meza moja na Jacob Grimm.

Mzee akasubiri nimalize. "Tata," akasema, "ni neno la mtoto asiye na meno." Warumi walikuwa nalo, Wagiriki walikuwa nalo, Waturuki wana "ata". Kila mahali mtoto hufungua na kufunga mdomo, akatoka na ma, ba, ta, na kila mzazi huamini ameitwa yeye. Maneno ya namna hiyo hayahesabiki. Halafu akaniuliza kwa ukali wa darasani: kama Atta ni Tata kwa undugu, nipe maneno mengine kumi ambamo sauti hizo zinalingana vivyo hivyo. Sikuwa na hata moja. Akanipooza kwa kunieleza kwamba wengi hulifasiri jina Attila, yule mfalme wa kabila la kale la Wahunni, kwa Kigothi: baba mdogo. Nikacheka peke yangu, maana kwetu baba mdogo ni yule anayekuja kukopa mbegu.

Akanipa mfano wake mwenyewe. Wanafunzi wake, mwaka baada ya mwaka, waliapa kwamba "habere" ya Kilatini na "haben" ya Kijerumani ni neno moja. Zote ni kuwa na kitu, zote zinaanza na hab. Tazama sheria, aliwaambia. K ya Kilatini ndiyo inayogeuka h kwa Kijerumani, kwa hiyo ndugu wa "haben" ni "capere", kukamata. Na h ya Kilatini inalingana na g: "hortus", bustani, ni "Garten". Sasa "habere", wewe uliye na h na b, ndugu yako ni nani? Wengi humwunganisha na "geben". Kuwa nacho kwa Kilatini, kutoa kwa Kijerumani. Pacha wa sura hawana damu, na wenye damu moja huwezi kuwatambua barabarani. Mimi nina binamu wawili wa namna hiyo, kwa hiyo halikunishangaza sana.

Alimalizia sala: "hlaif unsarana... gif uns himma daga." Mkate wetu tupe leo. Gif! Miaka zaidi ya elfu moja na mia sita, na "Giff mi Water" ya saa tisa usiku imo humo ndani. Sikusema kitu. Nilishaungua mara mbili.

Lakini "kupa" ilikataa kutoka kichwani. Mzee alikuwa amenieleza kwamba hata uhamaji wa Grimm uliacha mabaki: p, t na k zikiwa zimetanguliwa na s hazikuhama. Kilatini "stella", nyota, Kijerumani "Stern", t iko pale pale. S ilisimama mlangoni ikailinda. Wiki moja baadaye, zamu ya usiku, nakunja mashuka, nikawa najisemea Kihaya polepole ili nisisinzie. Kiswahili "kupa", Kihaya "okuha". Kiswahili "kupinduka", Kihaya "okuhinduka". P ya Kiswahili, h ya Kihaya. Sawa, hilo hata mtoto wa Bukoba aliyeishi Mwanza analijua bila kulijua. Halafu shuka likanianguka mkononi. Bibi akitaka maji hasemi "ha". Anasema "mpa". Mpa amaizi, nipe maji. P imerudi! Au tuseme haikuondoka kamwe. Ile m imesimama mlangoni.

Asubuhi sikuenda kulala. Nilisubiri Mzee apate kifungua kinywa, nikamwandikia kwenye menyu: okuha, mpa. Okuhinduka, na chini yake umbo la "mimi", ambalo nalo linarudi kwenye mp. Aliiangalia karatasi muda mrefu, mkate wa siagi mkononi, jemu ikimdondokea kwenye leso. Akasema Kihaya na Kijerumani hawajuani hata kwa mbali, na wamefanya kitu kile kile: wamelegeza p, na mahali ilipokuwa na jirani mzuri wameiacha. Kisha akanipa mkono, rasmi, kama tumetambulishwa leo.

Baadaye nilikuta kwamba sikuwa wa kwanza hata kidogo. Mwaka 1899 mchungaji wa Kijerumani, Carl Meinhof, alichapisha kitabu cha sauti za lugha za Kibantu, akizipanga kwa mbinu ile ile ya Grimm na warithi wake. Mtu huyo huyo ni mmoja wa walioeneza habari za "Wahamiti" waliokuja kuwatawala Wabantu, porojo ambazo sisi wa Maziwa Makuu tumezilipia. Jedwali zake za sauti nazitazama kwa heshima, mengine yake nayaweka kando.

Nilimuuliza Mzee siku moja kuhusu neno lililokuwa likinikaa vibaya, "Gast", mgeni. Wafanyakazi waliokuja kutoka Uturuki na Italia miaka ya 1960 waliitwa "Gastarbeiter", wafanyakazi wageni, na mara kwa mara kuna mtu wa familia ya mgonjwa anayenitazama kwa jicho hilo. Tumia sheria, akasema. G ya Kijerumani ni h ya Kilatini. Nikahangaika, akanisaidia: "hostis". Adui. Zamani za kale neno lilikuwa moja, mtu wa nje aliye mlangoni. Kaskazini wakabaki na mgeni, Roma wakabaki na adui. Nikamwambia kwetu mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akauliza: na wewe tumeshakupa? Nikamwonyesha ndoo na kitambaa cha kudekia.

Jumapili nikampigia Bibi. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Nikamuuliza kwa nini tunasema okuha lakini tukiomba tunasema mpa, p inatoka wapi. Kimya. Nikasikia kuku. "Mpa ni mpa," akasema. "Ukiomba unasema mpa. Huko Ulaya umesahau kuomba?" Nikajaribu kumweleza habari za m na p. Akanisikiliza kwa adabu, akauliza kama kwa hayo nalipwa, na kama nimepata koti zito.

Nilimpelekea Mzee majibu. Alitaka sentensi nzima ya Bibi iandikwe, nami nikaiandika kwa herufi kubwa maana macho yalikuwa yamepungua: MPA AMAIZI. Akaweka kidole chini ya kila silabi. Mpa aliipata vizuri kuliko nilivyotegemea. Ile z akaisoma Kijerumani, ts, kama ya zehn.

"Mpa amaitsi."

Nikamwambia ni z, si ts, ulimi usigonge. Akajaribu tena, ikatoka ts. Nikammiminia.